Urembo Uliokataa Kutoka

Bibiche, mwenzangu wa benchi moja,

Tangu jeshi limhamishie baba yako Kisangani, mkafungasha hadi kuku, sina tena sababu ya kufika Base, kule kambini kwa wanajeshi. Juzi mdogo wako aliniambia kwa simu kwamba umeacha urembo, unauza sabuni tu, kwa sababu ya karatasi niliyoandika mimi. Chakula kilinishinda, nawe unajua mimi na ugali wetu wa bukari hatugombani.

Unakumbuka Madame, mwalimu wetu wa urembo, alivyoandika ubaoni: maquillage durable. Alitaka urembo usioharibu mazingira, wa vitu vya hapa hapa, bila takataka. Akaeleza kwa dakika moja, akaitwa mkutanoni. Wewe ulisikia durable, neno la Kifaransa lenye maana zote mbili, ukaelewa urembo wa kudumu. Nilipokuuliza kama una hakika, ukanijibu, "Durable njo yenye haitokake. Weye ikala, minyi nitakupaka."

Nikakaa. Masizi ya sufuria kwenye nyusi, mawese midomoni, magamba ya samaki wa Bukama juu ya macho, na uso mzima ukaufunika kwa pemba, ule udongo mweupe, uliokorogwa na gundi ya unga wa mihogo. Wewe mtoto wa Base, wazazi wako watu wa jimbo la Équateur, nani angekuambia kwamba huku kwetu mwanamke aliyepakwa pemba namna hiyo amezaa mapacha? Mimi Mluba wa kuzaliwa ningekuambia, lakini nilikuwa nimefumba macho, nanusa samaki.

Maji ya moto hayakuitoa. Ulinisugua kwa majani ya mpapai mpaka nikalia. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na baba yangu, karani wa kanisa, akasema kwaya haiwezi kukosa sauti kwa ajili ya udongo. Nikajifunika kitambaa, tukaenda. Mlangoni kitambaa kikaanguka, mama mmoja akaniona, akapiga vigelegele.

"Inamapasa, mama ya mapasa! Batoto biko wapi?"

Wakaja wengine. Nyimbo za mapacha kwetu zote ni matusi, na kutukanwa hivyo ni heshima. Walinizunguka wakaimba mambo nisiyoweza kuyaandika hapa, na baba yangu kakumbatia vitabu vya nyimbo za Kimethodisti.

"Huyu haiko na mapasa," akasema. "Haiko hata na bwana."

"Njo maana anajifunika," mama yule akamjibu.

Wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara, umekuja kuangalia kama kazi yako bado inadumu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nyimbo sikuzijali sana, ni kicheko chako kilichoniuma.

Jumatatu Madame akanipa karatasi ya tathmini, maana pale kwetu aliyepakwa ndiye anayemkagua aliyempaka. Nikaandika: "Kazi ya ovyo. Haina uzuri wowote. Huyu asiguse tena uso wa mtu." Ulisoma, ukaikunja mara nne, ukatoka. Wiki ile ile mkahama, hata kuagana hatukuagana.

Sasa ngoja nikukague upya, hasira zimeisha. Gundi ipunguze. Magamba yaoshe kwa ndimu, maana paka wa jirani alinifuata siku tatu. Pemba usimpake msichana kabla hujamuuliza mama yake. Lakini hukununua hata kikopo kimoja, hukutupa hata mfuko wa plastiki. Sisi tuliomwelewa Madame tulikwenda sokoni kununua poda. Wewe ambaye hukumwelewa ndiye uliyefanya alichotaka.

Na kuna jambo nililificha. Uso wangu huu nimeuchukia tangu utotoni, hilo unalijua, ndiyo maana sipendi picha. Jumapili ile jioni nilisimama mbele ya kioo cha mama na kitambaa chenye maji. Gundi ilikuwa imelegea, udongo ulianza kutoka wenyewe. Nikajitazama, nikajipenda. Nikakiweka kitambaa chini. Sikunawa mpaka Jumanne, Bibiche. Nilipoandika kwamba kazi yako haina uzuri wowote, nilikuwa bado nimeivaa usoni, na kwa hiari yangu.

Nisamehe. Tafuta sufuria yenye masizi, uanze tena. Wasalimie wazazi.

Mwenzako, uso wako wa kwanza,
Ngoie