Makinda kwenye Mvule wa Hajati

Jumatatu, 4 Agosti

Wapo! Makinda wawili, kwenye tundu la ule mvule wa Kibuli. Mmoja mkubwa, mwingine kama pamba iliyomwagikiwa chai. Niliwatazama kwa darubini kutoka njiani, nimeegemea ukuta wa watu, mpaka mwenye boda akasimama kuniuliza kama simu yangu imekwama juu ya mti.

Msimu mzima tunatafuta bundi wa msitu waliobaki ndani ya Kampala, na hawa ndio wa kwanza kupatikana na watoto. Dokta Nafuna, bosi wangu, alipiga kelele kwenye simu. Kasema nisipande, nisiguse, nitazame tu na niokote vidonge wanavyotema baada ya kula. Nimeokota vizuri vinne chini ya matawi – manyoya na mifupa ya panya, vimetemwa jana, bado vina unyevu.

Mama huwaambia majirani wa kambi ya polisi kwamba nafanya kazi ofisini. Begi langu la vidonge haliruhusiwi kuvuka mlango, linalala verandani. Nikitaja bundi wakati wa kula, anainuka na kutupa chumvi kwenye makaa ya sigiri, kufukuza mkosi. Mjane wa polisi, amewahi kukabili wezi kwa mwiko, lakini bundi hapana!

Mti wenyewe uko ndani ya ua. Kesho nibishe hodi kama mtu mwenye adabu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimebisha hodi. Afadhali ningevunjika mguu njiani.

Mwenye nyumba ni Hajati Halimah, Mnubi, mama mrefu, mtandio umekaa sawasawa kana kwamba umepigwa pasi akiwa ameuvaa. Alinikaribisha vizuri. Chai, mandazi. Mumewe, Mzee Yasiin, dereva wa jeshi wa zamani, ni mgonjwa, kalala chumba cha mbele chenye dirisha la njiani. Nikaeleza habari za makinda. Mtoto wao Muhamadi akasema mti unakatwa Jumamosi, mwenye msumeno ameshaambiwa.

Kwa nini? Hajati akajibu taratibu. Alhamisi iliyopita, baada ya Magharibi, bundi aliita dirishani kwa Mzee. Mara tatu. Akanyamaza. Mara tatu tena. Halafu akatua juu ya bati, hapo hapo, akaendelea. Asubuhi yake Mzee hakuweza kuinuka kitandani, na hajainuka mpaka leo.

Mara tatu, kimya, mara tatu. Hakuna ndege anayeita hivyo. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi: unapiga sauti ya bundi kwenye spika mara tatu, unanyamaza, unasikiliza kama kuna anayejibu, unarudia. Alhamisi njia ilikuwa tope, nikaiweka spika juu ya ukuta. Ukuta huo. Chini ya dirisha hilo. Bundi dume, baba wa makinda, akatoka mtini kuja kutafuta nani kaingia kwake, akatua batini.

Ruhusa niliomba kwa majirani wa ng'ambo ya njia. Kwa Hajati sikuomba, maana nilidhani nyumba ile haina watu. Nimeaga bila kuitaja spika. Naona aibu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia Dokta Nafuna. Yeye anaona jambo ni rahisi: waambie ilikuwa spika, hofu itaisha, mti utabaki. Makinda wanahitaji siku chache tu waweze kutoka.

Nikamwambia Mama pia. Aliacha kuchambua maharage. "Usithubutu," akasema. Nikamuuliza kwa nini. Akarudi kwenye maharage yake.

Mama na chumvi yake! Kesho nitasema.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesema.

Niliweka spika mezani mbele ya Hajati na Muhamadi, nikaipunguza sauti, nikabonyeza. Muhamadi aliruka kidogo, halafu akacheka. Mimi pia nikacheka. Nikaona mambo yamekwisha.

Hajati hakucheka.

"Kwa hiyo ile ndege haikuja yenyewe."

"Hapana, Hajati. Ilikuwa mimi. Naomba mnisamehe."

"Wewe ulikuwa naita yeye."

"Ndiyo."

"Kuja hapa. Kwa dirisha ya mgonjwa."

"Sikujua kuna mgonjwa, Hajati."

Hajati aliisogeza spika upande wangu. Hana hasira, hiyo ndiyo iliyonitisha. "Binti yangu, ndege ikija yenyewe, sisi nasema ni Mungu. Lakini mtu akiita yeye, hiyo watu naitaje?"

Neno nalijua. Sote watatu tulilijua, na hakuna aliyelitamka. Nimekulia kambini, nimeona mama mmoja akihamishwa nyumba yake kwa sababu ya paka tu. Jana Mama aliliona hili likija, na mimi na shahada yangu sikuliona. Muhamadi aliacha kucheka. Nilitamani kuokota spika yangu nikimbie mpaka mtaa wa Bugolobi.

Ndipo sauti ikatoka chumba cha mbele: "Nani huyo nafanya kelele? Alete hapa!"

Nikaingia. Mzee Yasiin ni mifupa na macho, lakini macho yenyewe yako kazini. Akaniuliza mimi ni binti wa nani. Acayo, nikasema, wa marehemu Sajenti Opoka wa polisi. "Polisi," akasema, kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi. "Haya. Nini hiyo kwa mfuko?"

Vilikuwa vidonge. Nikamfungulia kimoja kwenye sinia ya chai, kwa kibano: manyoya, mbavu, fuvu la panya na meno yake ya njano. Hajati mlangoni akashika mdomo. Mzee akaliinua fuvu mpaka kwenye mwanga. "Hii ndio ilikula sabuni yangu," akasema. "Halimah, tazama! Adui yangu!" Akacheka mpaka akakohoa, kikohozi kirefu kikavu. Nilisikia hata jirani akisema pole.

Hajati alinisindikiza hadi getini. Maneno yake nayaandika kama yalivyo: "Kale, haya. Wewe uliita, basi wewe nakuja kila asubuhi kujulia Mzee hali. Uso yako aone. Mzee akipata nafuu, mti nabaki. Akitutoka, mti natoka siku hiyo hiyo, na wewe usikanyage hapa."

Nikakubali. Ningesema nini kingine?

Jumamosi, 9 Agosti

Mwenye msumeno alikuja hata hivyo, hakupata habari. Hajati akamrudisha, lakini Muhamadi akamwomba auache msumeno. Uko kando ya jiko, umefunikwa turubai. Ni wa injini, mpya.

Nikamuuliza Muhamadi wa nini tena. Alijibu bila kunitazama. Mzee akiondoka, watu watajaa hapa, sufuria zitapangwa uani, na kuni zitatoka wapi? Si ubaya wake. Macho yalikuwa mekundu, analala kwenye kiti mlangoni kwa baba yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee amekunywa uji wote! Amekaa, mto mgongoni. Tumefungua vidonge vitatu, yeye anapanga mafuvu kwa ukubwa na kuyapa vyeo. Lile kubwa ni meja.

Nilitoka nikiimba. Kwenye geti nikajiuliza naimba kwa ajili ya nani. Ukweli ni kwamba asubuhi nikifika natazama kwanza dirisha lake, ndipo natazama tundu, kwa sababu dirisha likiwa wazi najua makinda wana siku nyingine. Namhesabia mtu mzima pumzi zake kwa ajili ya ndege! Sijipendi kwa hilo. Lakini leo alipomaliza uji nilifurahi pia bila kuwakumbuka bundi kabisa, na hilo nalo ni kweli.

Aliniuliza makinda watatoka lini. Nikasema wiki hii, Mungu akipenda.

"Na mimi wiki hii," akasema. "Tushindane."

"Mzee, usiseme hivyo."

"Binti ya polisi naogopa mashindano?"

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Mzee hakunijua. Daktari alikuja, akazungumza na Hajati uani kwa sauti ya chini, akaondoka bila kunywa chai. Sikufungua begi. Nilikaa tu kwenye mkeka, nikimsikiliza akikohoa. Kikohozi kimekuwa kidogo, cha juu juu. Mwanzoni kilinitia huruma. Sasa kikichelewa ndipo natoka jasho.

Hajati aliniletea chai mwenyewe. Hakusema kitu kuhusu mti. Kasema tu, "Alikuwa nauliza wewe jana, ile saa ulishaenda."

Nje, kinda mkubwa amepanda ukingoni mwa tundu, anapigapiga mabawa kama mtu anayekung'uta shuka. Mdogo bado yuko ndani. Dokta Nafuna anataka picha. Sikupiga.

Nyumbani, Mama aliuliza, "Mzee wa watu ameamkaje?" Kabla sijajibu akanipa kikopo cha odii, ufuta na karanga alizosaga mwenyewe, nimpelekee, asizidi kukonda. Nilipoenda kulala niliona begi langu. Liko ndani, nyuma ya mlango.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika hapa hapa njiani, nimekaa juu ya jiwe. Nimefika mapema kuliko siku zote.

Mkubwa ametoka! Yuko kwenye tawi la pili, kajibana na shina, amejivimbisha, anajiona meja. Mdogo yuko ukingoni. Anatazama chini, anarudi nyuma, anatazama tena. Mama yao yuko juu, haonekani vizuri, lakini yupo.

Dirisha la Mzee limefungwa. Kila siku nikifika Hajati ameshalifungua.

Nimebisha hodi, hakuna aliyeitika. Getini kuna viatu ambavyo sivijui. Wageni wa kawaida, pengine. Leo Ijumaa, watu huja. Kupitia upenyo wa geti namwona Muhamadi uani. Amesimama kando ya jiko, mkono uko juu ya turubai. Hafunui, haondoki. Amesimama tu.

Kikopo cha odii kiko mapajani. Mdogo amefungua mabawa. Nimeinua darubini, nimeishusha. Masikio yangu yote yako dirishani, si mtini.

Kohoa, Mzee. Umeshindwa na mmoja tu, mwingine bado. Kohoa.