Kidole Gumba cha Baba

Baba,

Ejok, u mzima? Najua hutajibu. Hata ulipokuwa hai, swali gumu lilikufanya uanze kufuta lenzi.

Juzi mgeni alikuja hapa studio, Lodwar, na filamu ya zamani kwenye kompyuta. Alisema ilirekodiwa Kakuma wakati kambi ya wakimbizi ilikuwa bado mahema, na mpiga picha anayeonyeshwa kazini ni wewe. Nikamshuku. Mtu hatoki mbali hivyo kuniletea zawadi bila kutaka kitu. Kumbe wa kushukiwa ulikuwa wewe.

Ukatokea na kofia yako, ukipanga watu kwenye foleni, ukimchekesha Deng, mtoto wa yule mama muuza chai. Nikacheka peke yangu. Kisha nikatazama mkono wako. Wewe ndiye uliyenifundisha: "Ukibofya, sogeza mkanda kwa kidole gumba kabla hujavuta pumzi." Kwenye filamu hiyo unabofya, unasema asante, unaita mwingine. Kidole gumba hakigusi kitu. Nilirudisha nyuma mara nne. Najua mikanda ya kamera ilikuwa adimu, mpaka itoke Kitale. Lakini uliwaigizia na kamera tupu, Baba, ili wageni waliorekodi wapate sinema yao.

Deng alikufa kwa malaria msimu uleule. Mama yake alipanda lori kila mwezi kuja kuulizia picha, nawe ulimjibu neno lile lile: "Joto limeiunguza, mama." Na mimi, mjinga, nilikuwa nakuonea huruma wewe.

Nikaitia filamu kwenye simu, nikaenda Kakuma. Njia nzima nilijiuliza kama nampelekea mtoto wake au uongo wako. Mama Deng alitazama, akagusa uso wa mwanawe kwenye kioo. Nikaanza kukutetea. Akanikatiza.

"Ile siku mashine hakulia. Mimi najua zamani."

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Nilitaka aseme yeye mwenyewe."

Nimeona aibu, Baba. Nimekukasirikia, na bado nakukumbuka, jambo linalonikasirisha zaidi. Ukuta wa studio umejaa nusu ya mji, ila picha moja haipo: ya mama yangu, uliyoipiga wiki moja kabla hajafariki. Nilipokuuliza nikiwa mdogo, ulifuta lenzi, ukaniambia joto limeiunguza.

Lala salama, ukiweza.

Binti yako wa pekee