Barua Kumi na Tisa za Kaka Yako

Baba mkwe wangu mpendwa,

Ile ahadi nimeivunja. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu, maana huko uliko sijui habari zinafikaje. Naandika kwa Kiswahili, lugha ambayo hukuijua ila lile "pole pole" ulilokuwa ukinipigia kelele nikiendesha gari kwenye barafu. Uliniapisha kwa Kiingereza, na wakili mjanja angesema kiapo hakikuvuka mpaka wa lugha. Mimi si wakili. Mimi ni mpanga mizigo wa ghala moja la Downsview, huku Kanada, na ninajua nilichoapa.

Siku arobaini na tisa zimepita tangu mwili wako uchomwe. Kwetu Tanga arobaini inatosha. Ninyi Wajapani mmeongeza tisa, na ni katika hizo tisa ndipo uvumilivu uliponiishia.

Unakumbuka Naomi aliponileta kwako mara ya kwanza, kwenye nyumba yako ya matofali kule Bathurst? Nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nawe ukanitazama miguu kwa muda mrefu kuliko ulivyonitazama uso.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

Ukaguna. Naomi alinieleza baadaye kwamba guno lile, kwa vipimo vyako, lilikuwa ni vigelegele. Kisha ukakunja mikono. "Unataka kumwoa binti yangu. Watu wetu unawajua?"

Nikasema nawajua vizuri sana, nimepanda magari yenu tangu utotoni, na mengine yanafika kwetu yakiwa bado na maandishi yenu ubavuni. Hukucheka.

"Nenda kasome. Ukimaliza, rudi."

Wenzangu walitozwa mahari. Mimi nilitozwa historia ya Wajapani, tangu kale hadi sasa, kwa mdomo, kila Jumapili baada ya chai. Nikaazima vitabu maktaba, nikavisoma kwenye basi na wakati wa mapumziko ghalani, huku wenzangu wakiniuliza kama nimebadili dini.

Nilianzia kwa wafinyanzi wa kale waliopamba vyungu vyao kwa alama za kamba, wakaishi kwa samaki, chaza na matunda ya mwituni kwa maelfu ya miaka kabla hawajauona mpunga. Ukaniuliza mpunga ulitoka wapi. Nikasema ulitoka bara, ng'ambo ya maji, ukaja na watu waliojua kuulima.

"Kwa hiyo sisi ni wageni?"

"Wageni na wenyeji, Baba. Kama watu wa Tanga."

Siku hiyo ulinimiminia chai kwa mkono wako.

Jumapili iliyofuata tulifika kwenye maandishi, yaliyotoka China. Nikakueleza jinsi wanaume wa ikulu walivyojiwekea herufi ngumu ili waonekane wasomi, wakawaachia wanawake zile nyepesi. Wanawake wakazichukua, wakaandika hadithi ambazo watu wanazisoma mpaka leo. Ulipenda hapo. Wiki ya wapiganaji nilichanganya koo mbili kubwa, nani alimshinda nani baharini, ukanirudisha nyumbani bila chakula. Nikarudi nikiwa nimezishika. Tukapita kwenye ile miaka zaidi ya mia mbili nchi ilipofunga milango, ikaacha upenyo mdogo wa kufanya biashara na Waholanzi na Wachina. Zikaja meli nyeusi za Wamarekani zikifuka moshi. Halafu katika umri wa mtu mmoja panga zikawekwa chini, zikaja reli, viwanda, na jeshi. Nilitaka kuliruka jeshi hilo na mambo liliyoyatenda Korea na China, kwa adabu tu, mimi ni mgeni mezani. Ukapiga meza kwa kidole. "Usiruke hapo. Sema." Nikasema. Nikayasema na yale mabomu mawili, na miji iliyoinuka tena juu ya majivu, na treni za kasi.

"Na waliovuka bahari wakaja huku Kanada?" nikauliza.

Ukainuka kuosha vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai. "Hao ni wachache," ukasema. Mwezi uliofuata nikaozeshwa.

Hao wachache nilikuja kuwasoma peke yangu. Vita hiyo ya mabomu mawili ilipokuja, serikali ya hapa iliwaondoa pwani ya magharibi, ikachukua mashua zao na nyumba zao, ikawapeleka kambini milimani, pamoja na watoto waliozaliwa hapahapa. Vita ilipokwisha wakaambiwa wachague: kwenda Japani, au kuhamia mashariki ya milima. Kwa Naomi ulikuwa na sentensi moja tu kuhusu hayo yote: nililelewa na shangazi, sina kaka, sina dada. Akaiamini, lakini hakutulia nayo. Mama yake alikufa mapema, hana ndugu wa tumbo, na miaka yote niliyoishi naye amekuwa akiandikia watu wenye jina lenu la ukoo, akiwauliza kama ni jamaa. Wengi humjibu kwa upole kwamba hapana.

Mimi nilianza kukutilia mashaka dukani. Ulimpa binti wa pale pakiti ya mwani yenye maandishi ya Kijapani, ukamwambia, "Nisomee hapa mama, nimesahau miwani." Miwani ilikuwa kifuani pako, inaning'inia kwa kamba yake. Nikatazama pembeni. Kumbe mtahini wangu naye alikuwa amesoma vitabu vilevile vya Kiingereza, vya maktaba ileile!

Lazima uliniona nikitazama pembeni, maana Jumapili moja Naomi akiwa zamu hospitalini, ulikuja mezani na mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na barua kumi na tisa, zimefungwa vilevile zilivyotoka posta.

"Zile herufi nyepesi umejifunza," ukasema. Hukuniuliza. "Maana ya maneno huijui."

"Siijui, Baba."

"Vizuri. Soma."

Nilikuwa nimejifunza hiragana, herufi ambazo mtoto wa Kijapani huanza nazo, kwa majivuno tu, nikitegemea siku moja utaniuliza. Na kusoma kwa sauti kitu nisichokielewa hakukunisumbua. Nilisoma chuoni kwa maalimu nikiwa na miaka sita, nikakhitimu juzuu baada ya juzuu bila kujua Kiarabu, na fimbo ikihakikisha kila irabu iko mahali pake. Ukafungua ya kwanza kwa kisu cha siagi. Kaka yako Minoru alikuwa ameiandika yote kwa herufi hizo za watoto, kubwa kubwa, maana alijua shule zenu za Kijapani zilifungwa kabla hujaanza darasa.

Nikasoma neno la kwanza. "Ta-bo."

Ukashika ukingo wa meza. "Hakuna aliyeniita hivyo tangu shangazi afe."

Ndivyo tulivyofanya kazi, Baba, Jumapili nane. Nilikuwa na macho bila lugha, nawe una lugha bila macho. Kijapani chako kilikuwa cha jikoni, cha shangazi na sufuria, lakini kilitosha. Nilikuwa nasoma, unanyanyua mkono nisimame, kisha unanieleza kwa Kiingereza kama mtu anayetoa mwiba. Kwamba meli ya Japani ilipoondoka na familia yenu ulikuwa umelazwa hospitali ya kambi na homa. Kwamba walimwacha shangazi akuuguze, mfuate ukipona. Kwamba mama yenu hakuondoka sitahani mpaka milima ilipopotea machoni. Kwamba kila mwaka mpya alikuwekea bakuli lako mezani, hadi alipofariki. Katika barua ya tisa, Minoru amepata binti, amemwita Sachiko.

Nilikuuliza siku hiyo, na pengine sikupaswa kuuliza: "Baba, herufi hizi mtu anajifunza kwa wiki mbili. Mbona hukujifunza?"

"Ningejifunza, ningejua anasema nini."

Ulidhani walikuacha kwa kupenda. Miaka yote ulidhani bahasha zile zina visingizio. Shangazi, akiwa hai, alizisoma za mwanzo na kujibu yeye, nawe ulikuwa ukitoka nje asome peke yake. Alipokufa, za kwake ziliisha, hizi kumi na tisa zikaja kwa jina lako, ukaziweka kwenye mkebe.

Ya mwisho ilikuwa fupi. Nilipoimaliza ukaikunja. Ndipo ukaniambia: kaka yako amesema kama bado una hasira, una haki. Usiandike neno. Tia karatasi tupu kwenye bahasha, uitume posta tu imfikie, ajue u hai.

"Karatasi tupu," ukasema. "Hata hiyo."

Ukafunika mkebe, ukaniapisha nisimwambie Naomi, na siku yako ikifika nizitie barua zile jenezani uondoke nazo. Nikaapa. Kwa miaka mitatu nikamwangalia mke wangu akiandikia watu wasiomhusu, nikimsaidia kubandika stempu.

Kwenye tanuri, mhudumu aliuliza kama kuna kitu cha kuweka pamoja nawe. Naomi akaweka miwani yako. Mimi nilikuwa na mfuko mapajani, mkono wangu umo ndani, nimezishika. Mhudumu akanitazama. "Na wewe, bwana?" Nikatikisa kichwa. Huo ndio usaliti wangu, na haukuchukua muda mrefu kuliko kupiga chafya.

Nikazirudisha kwenye mkebe, nikauficha kwenye buti la gari. Arobaini ikapita, nikajiambia nangoja yenu. Siku ya arobaini na nne Naomi alipokea jibu lingine, la mama mmoja wa Vancouver: samahani mpenzi, si sisi. Akalikunja, akaliweka kwenye faili na mengine. Akasema, "Basi nimebaki mimi tu." Akaenda kukaanga vitunguu.

Nikaenda kwenye gari, nikauleta mkebe.

Alisikiliza yote akiwa amesimama, mwiko mkononi. "Ulijua miaka mitatu?"

"Niliapa."

"Kwa nani? Mimi ni mkeo!"

Siku mbili hakunisemesha. Kusema kweli, hasira zenyewe nyingi zilikuwa zako, ila wewe hukuwepo, mimi nikazipokea zote. Siku ya tatu akaniwekea mkebe mbele. Nikamwambia kuna wafasiri, tuwape, wataandika kila neno kwa Kiingereza safi.

"Tutawapa. Kwanza nisomee. Nataka kusikia alichosikia yeye."

Nikasoma, Baba. Sijawahi kusoma vizuri namna ile. Maalimu wangu angeridhika. Kila nilipofika mahali ulipokuwa ukinyanyua mkono nilisimama kwa mazoea, nikingoja uniambie maana. Kaka yako alisema yote aliyotaka kusema, sebuleni kwetu, kwa sauti ya mtu wa Tanga, na mezani hapakuwa na hata mmoja aliyemwelewa. Naomi alilia hata hivyo. Alilia mahali tofauti na ulipolia wewe.

Nilipomaliza akauliza, "Ipi inamtaja binamu yangu?"

Nikaitoa ya tisa. Akavuta kiti ubavuni kwangu. Nikatafuta mstari, nikaweka kidole chini ya herufi tatu za jina lake. Akakisukuma kidole changu, akaweka chake.

"Hii ya kwanza inasemwaje?"

"Sa."

"Na hii?"

Lala, Baba. Kama ni laana, niletee mimi, yeye mwache. Ana kazi: bado yuko herufi ya pili.

Mkweo, uliyemwapisha vibaya.