Jiwe la Kaka Ereyan

Kijiji cha Alampundi,
Mwezi wa Tai, mwaka wa kumi na moja wa mfalme mkuu.

Mdogo wangu mpendwa Sattan,

Hujambo huko bandarini? Kifua kimepona? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua. Barua hii ya jani la mtende ananiandikia karani wa hekaluni, kwa hiyo siwezi kukugombeza ninavyotaka kwa kukaa kimya tangu mavuno. Ameshaanza kuguna.

Ya kaka Ereyan yalikufikia. Wezi wa ng'ombe walipokuja aliwakabili, ng'ombe wakarudi, yeye hakurudi. Mfalme wetu Kandan Malavan, aliye chini ya mfalme mkuu, akampa wifi Pumagal shamba la chini ya bwawa, liwe lake na kizazi chake kwa ajili ya damu ya mumewe. Akaamuru lichongwe jiwe la kuandika zawadi hiyo, asije mtu akamnyang'anya. Unajua watu wanavyolimezea mate shamba lile.

Basi fundi Velan, kwa kumpenda Malavan, akatuponza. Jiwe huanza na jina la mfalme mkuu na mwaka wake, ndipo lifuate la mfalme wetu aliye chini yake. Yeye akaanza moja kwa moja na Malavan, na mwaka wa Malavan. Nasi tukaona sawa tu, maana bwawa tulichimbiwa na nani? Huyo mkuu hata sura yake hatuijui.

Siku ya kusimamisha jiwe akaja afisa wa mfalme mkuu. Akasomewa, akanuna.

"Huyu bwana wenu kaanza lini kujihesabia miaka?" akauliza. "Huu ni uasi. Jiwe livunjwe, shamba lichukuliwe."

Pumagal alikaa chini palepale na mtoto wake kifuani. Velan akawa anaitazama mikono yake, maana ndiyo ingekatwa.

Malavan alikuwepo. "Mwacheni fundi," akasema. "Jiwe ni langu, kosa ni langu."

Akachukua patasi, akapiga magoti vumbini na hariri yake, akaanza kulibandua jina lake mwenyewe. Sattan, nililia. Mfalme gani mwingine angefanya vile kwa shamba la mjane? Alipomaliza akamwambia Velan achonge jina la mkuu pale.

Afisa bado akawa na neno. Akaonyesha mstari wa mwisho, ule wa kiapo cha mtoaji wa shamba, usemao: miguu ya atakayelinda shamba hili na iwe juu ya kichwa changu.

"Na huyu anayesema 'changu' ni nani, kama jina halimo?"

Malavan akavua kilemba, akainama mbele ya Pumagal, akaushika mguu wa mtoto na kuuweka juu ya kichwa chake, kijiji kizima kikitazama. Mtoto akamvuta nywele.

"Ni mimi," akasema, kichwa bado chini. "Mlinzi wa shamba ndiye mtoto huyu. Umeona mwenyewe, bwana. Kamwambie mkuu."

Yule afisa akaagiza wino na muhuri, akaliidhinisha jiwe.

Msalimie mkeo Tevi na mjomba Achan, umwambie ndizi alizotuma zilifika zimeiva mno lakini tulizila. Mungu wa mlimani akufunike popote uendapo. Pumagal naye anakusalimu. Nilimwita aje aweke neno lake hapa, akasema mikono ina tope, analima shamba lake.

Dada yako asiyechoka kukuwaza,
Nachi