Mdhamini Wangu ni Mjomba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba yule mdogo ameshaacha kukohoa. Sisi huku tunaendelea. Mjomba anakula, analala, na analalamikia chumvi kila siku, kwa hiyo ujue hana neno. Mimi pia mwili ni mzima. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana ukipiga simu Mjomba huwa amekaa ubavuni kwangu na siwezi kusema kitu.

Tulipozungumza mara ya mwisho uliniambia nimebweteka. Ulisema mtu anayefundisha wenzake kutafuta kazi hawezi kukosa kazi yeye mwenyewe, labda kama hataki. Nilicheka ili yaishe, lakini yaliniuma, na yananiuma hadi leo.

Kituo cha Mjomba unakijua: chumba kimoja juu ya duka la rangi, madawati ya watoto ambayo watu wazima wanayakalia magoti yakikaribia kidevu, na dirisha ambalo halijafunguka tangu lipakwe rangi. Humo ndimo ninamofundisha kuandika wasifu wa kazi. Nina mama mmoja aliyefua mashuka ya hospitali tangu usichana wake, lakini penye uzoefu aliandika hana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita mfanyakazi. Nina fundi viatu aliyejaza ukurasa mzima kwa ugomvi wake na mwenye nyumba. Nilipomwambia mwajiri hahitaji kuyajua hayo, alinijibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya yeye kutafuta kazi. Halafu yuko mlinzi tunayemwita Meneja. Amewafungulia mameneja geti kwa miaka mingi kiasi kwamba anawaigiza hadi kukohoa kwao. Nawapenda watu hawa, Dada. Wakipata kazi wananiletea habari wakiwa wanahema kwa zile ngazi, nami nafurahi kweli, kisha nafuta ubao na kuanza upya.

Vitabu hatuna, kwa hiyo mfano ninaoutumia ni wasifu wangu mwenyewe. Nauandika wote ubaoni, kuanzia jina hadi mdhamini, yaani yule mtu ambaye mwajiri atampigia simu kuuliza kama unafaa. Mdhamini wangu ni Mjomba. Nani mwingine? Ndiye aliyetulea, na ndiye mwajiri pekee niliyewahi kuwa naye.

Wala usidhani sijaitwa popote. Kwenye bohari ya vifaa vya ujenzi walinionyesha hadi meza nitakayokalia. Kwenye zahanati waliniuliza naweza kuanza lini. Baadaye kimya. Nikienda kuulizia, yule yule aliyenichekea wiki iliyopita anaongea nami akiangalia karatasi zake. Nilifikia mahali nikaamini nina nuksi, na nilianza kuogopa hata kuvaa lile gauni la usaili.

Sasa sikia kilichotokea. Mjomba siku hizi anashinda nyumbani, na siku hiyo nilikuwa nafundisha namna waajiri wanavyowaulizia watu kwa simu. Niliwagawa wawili wawili, mmoja ajifanye mwajiri na mwingine ajifanye mdhamini, wazungumze kwa midomo tu, bila simu. Meneja alibaki bila mwenzake. Nikamwambia afanye zoezi na mdhamini wa ubaoni, nikimaanisha mimi nitaigiza sehemu hiyo nikimaliza na wengine. Yeye akaelewa vingine. Alitoa simu yake, akabonyeza namba iliyokuwa ubaoni, akaweka spika ili darasa lote lifaidike.

Nilipogeuka Mjomba alikuwa ameshapokea. Meneja, kwa ile sauti yake ya kimeneja, alimwambia anapiga kutoka kampuni fulani na anataka kujua habari zangu. Nilitaka kucheka. Nilidhani Mjomba atanisifu na mimi nione haya mbele ya wanafunzi. Ni kweli alianza kwa sifa. Alisema nina adabu na mwandiko mzuri. Kisha, kwa upole ule ule tunaoujua, akasema yeye ni mcha Mungu na hawezi kuficha: nina kifafa, naanguka bila taarifa, na penye ngazi au mashine nitawatia hasarani. Akaomba jambo hilo libaki kati yao.

Wewe unajua sijawahi kuanguka hata siku moja. Sauti ya kimeneja ilimwisha Meneja pale pale, akamwambia asante mzee, akakata. Hakuna aliyeniangalia. Mama mfuaji aliinuka akafuta ile namba kwa kiganja. Mimi niliendelea na somo la kuacha nafasi pembeni mwa karatasi, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

Dada, kuna jambo alilonikataza nisikuambie. Mjomba haoni. Anatambua mwanga na kivuli cha mlango, basi. Daftari la mahudhurio nalijaza mimi, ujumbe wa simu namsomea mimi, na barabarani akinishika bega watu wanadhani ni mapenzi tu. Anasema ukijua utakuja kumchukua umpeleke mahali ambapo hajui hata choo kiko wapi.

Jumapili nilimwambia kwamba nimesikia kila kitu. Hakukana. Aliniuliza nikiondoka nani atamwambia shati lina doa. Nilimchukia, Dada, nakuambia ukweli. Na nikiwa namchukia hivyo niliona amekosea vifungo, nikamfungia upya.

Kampuni ya maji wameniita kwenye usaili wa karani wa mapokezi. Wanataka mdhamini awe mwajiri wa sasa, hawakubali mwingine, kwa hiyo nimeandika jina lake tena. Watampigia wiki ijayo. Nilimuuliza atasema nini. Akasema hajui, na nadhani kwa hilo hakunidanganya.

Ndiyo maana nakuomba uje. Usitume mtu, wala usitume pesa za daktari, madaktari wameshamaliza yao. Njoo wewe, ukae kando yake simu inapolia, ajue kwamba dunia haina mimi peke yangu. Nimechoka kuwa macho ya mtu. Nikikosa na kazi hii, sitaandika wasifu mwingine, nitabaki nikiwaandikia wenzangu.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Ukiona huwezi kuja, basi jibu hata kwa barua. Usiogope kwamba itaangukia mikononi mwa Mjomba. Hata ikimfikia yeye kwanza, atanipa mimi nimsomee.

Ni mimi mdogo wako,
mwalimu wa juu ya duka la rangi