Paa la Kupitisha Nyota

Ozi, ukingoni mwa Tana

Dada yangu Mwana Esha,

Nakusalimu pamoja na watoto wa chuo chako. Uliwaahidi habari za Mayahudi, wape hii. Mwenzangu wa safari, Myahudi wa Adeni, alijenga kibanda cha sikukuu inayokumbusha jinsi Mungu alivyowatunza wazee wao vibandani, jangwani, walipotoka Misri. Paa lake sharti lipitishe mwanga wa nyota. Tulipokwenda kuoga mtoni, mwenyeji wetu Komora alimwonea huruma, akaliezeka makuti mazito. Tuliporudi jua lilikuwa linashuka, na likishazama sikukuu huingia, Myahudi haruhusiwi kujenga wala kubomoa. Mwenzangu akamweleza Komora, akamwomba ayatoe makuti aliyoongeza.

“Na mvua ikinyesha, Bwana?” Komora akauliza.

“Nitahamia kwako.”

“Basi hamia sasa, nisipande tena!”

Akapanda huku akicheka. Nami, nisiyeweza kutulia, nilimpokea makuti nikigeuka kila mara kulitazama jua. Kuti la mwisho lilianguka mto ungali unang’aa. Myahudi akatukaribisha ndani, akaomba dua, tukala wali na samaki. Naandika haya mawingu yakija kutoka Kipini, wala hapana anayetaka kuondoka, hata Komora.

Mungu akuhifadhi, dada, wewe na wote walio kwako.

Nduguyo akupendaye