Aliyetafuna Dagaa

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Pasiansi tu wazima. Shangazi yako anaandika, mimi nasema. Amenisomea maoni ya wasomaji kuhusu kitabu ulichoandika cha watu wanaosafiri kwenda kwenye nyota. Unauliza umwamini nani, na kama ukitupe.

Hao wanaosema "kizuri sana" siwaamini hata kidogo. Nilipokuwa msichana nilianika dagaa mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki. Wanawake walipita wakisifu, "Dagaa wanang'aa hawa!" wakaenda zao. Mama mmoja tu ndiye aliyeokota dagaa, akatafuna, akatema.

"Binti, umeanika chini. Unauza dagaa au mchanga?"

Nilimtukana moyoni. Kesho yake nikaanika juu ya mawe. Akarudi, akatafuna tena, akabeba gunia zima.

Sasa yule anayelalamika kwamba maji ya chombo chako yangeisha kabla hawajafika, huyo ametafuna. Hata mimi nashangaa, wanakunywa nini miaka yote hiyo? Usikitupe kitabu. Watafutie wasafiri wako maji, kisha umpelekee huyo aliyetafuna kwanza.

Mimi bibi yako, bado nina meno manne ya kutafunia.